Pima Dirisha Kwanza, Ndipo Ufungue Pochi

Ndugu zangu wapenda maua, asanteni kwa kufika, na asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumze juu ya okidi ndogo za kukaa dirishani, kwa mtu ambaye fedha yake ina hesabu. Nimekubali kwa moyo mmoja. Nimeona watu wengi mno wakinunua okidi ya bei nafuu ikafa, wakanunua ya pili ikafa, ya tatu nayo ikafa, kisha wakajitangaza kuwa hawana mkono wa maua. Ukijumlisha walichotumia, wangeweza kununua mmea mmoja mzuri ambao leo ungekuwa unachanua kwa mwaka wa tano. Mkono wao hauna kasoro. Walichagua ua kwanza, wakalitafutia dirisha baadaye.

Kwa hiyo sitaanza na majina ya maua. Nitaanza na dirisha.

Chukua rula au futi ya fundi cherehani, upime ukingo wa dirisha lako: kina chake kutoka kwenye kioo, na urefu wake kutoka kona hadi kona. Wangu una kina cha sentimita 14 na urefu wa sentimita 90. Hilo ndilo shamba langu lote. Mmea uliotandaza majani kwa sentimita 30 hauna nafasi pale hata nikipewa bure. Nusu yake itaning'inia, pazia litaukwaruza kila asubuhi, na siku moja nitaukuta sakafuni. Lakini mimea isiyozidi sentimita 15 kwa upana naweza kuipanga mitano, na hewa ikapita katikati. Pimeni na kimo pia. Ipo mimea ambayo majani yake yamelala chini, hayazidi kiganja, ila bua la maua likitoka linapanda nusu mita na kugonga fremu ya juu.

Ukishapima nafasi, pima mwanga. Weka karatasi nyeupe pale pale mmea utakapokaa, mchana jua likiwa la kawaida, kisha nyoosha mkono wako sentimita 30 juu ya karatasi. Tazama kivuli. Kikiwa na kingo kali, kila kidole kimechorwa, una mwanga wa kutosha jamii ya Cattleya, zinazotaka kama laksi (kipimo cha mwanga) 20,000 hadi 30,000. Kivuli kikiwa kimefifia lakini bado unatambua kuwa ni mkono, hapo ni pa Phalaenopsis, okidi za kawaida za madukani, ambazo hutosheka na laksi 10,000 hadi 15,000. Usipoona kivuli kabisa, okidi nyingi zitaishi hapo bila kuchanua, na mtu asikuuzie matumaini. Iko moja inayopafaa, nitaitaja. Programu za simu za kupima mwanga si sahihi sana, lakini zinatosha kulinganisha dirisha la sebuleni na la jikoni. Na kumbukeni kuwa mwanga hupungua upesi mno ukirudi nyuma ya kioo. Meza iliyo hatua mbili kutoka dirishani si dirishani tena.

Jua la asubuhi ndilo rafiki wa wengi wetu, kwa sababu halina ukali wa kuunguza. La alasiri linataka pazia jepesi. Wanaoishi mbali na ikweta upande wa kaskazini, dirisha lao linaloelekea kusini ndilo lenye jua jingi. Wa kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Na walio karibu na ikweta, jua huhama upande kadiri miezi inavyokwenda, hivyo dirisha lililofaa mwezi wa pili laweza kuwa tofauti kabisa mwezi wa saba. Pimeni tena.

Kipimo cha tatu watu hukisahau: joto la usiku. Weka kipimajoto ukingoni, ukisome kabla ya kulala na ukisome alfajiri. Siku za kwanza sikufanya hivyo, na nataka niwaeleze iliyonigharimu.

Nilinunua miche sita kwa mpigo, kwa sababu kila mmoja ulikuwa wa bei ya chini na yote ilikuwa midogo, vyungu vya sentimita tano. Niliona nimepata bahati. Miwili kati yake ilikuwa Masdevallia, maua ya ajabu yenye mikia, ambayo mengi kwao ni misitu ya mawingu ya milima ya Andes. Kule usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 13 na hewa ni mbichi muda wote. Chumbani kwangu usiku haukushuka chini ya nyuzi 22. Majani yalianza kuwa na madoa meusi, yakadondoka moja moja, na katika wiki chache vyungu viwili vilikuwa vitupu. Nilifikiri kununua kifaa cha kupoza na kisanduku cha kioo. Nilipopiga hesabu, vifaa hivyo vingenigharimu mara kadhaa ya bei ya mimea yote sita. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bei iliyoandikwa kwenye chungu ni sehemu tu. Sehemu nyingine ni gharama ya kuziba pengo kati ya kwao mmea na kwako. Pengo likiwa dogo, hulipi kitu. Likiwa kubwa, unalipa kila mwezi, kwa umeme, kwa maji, kwa usiku wa wasiwasi, na mara nyingi mmea unakufa vilevile.

Mche wa tatu ulinifunza jambo jingine. Ulikuwa Cymbidium, majani manne membamba, mzuri kweli. Muuzaji aliniambia ni wa dirishani. Ndani ya miaka mitatu majani yalizidi nusu mita na chungu kilifikia ukubwa wa ndoo. Mmea haukuwa na kosa. Ulikuwa mtoto, nami nilidhani ni mtu mzima mwenye umbo dogo. Tafadhalini, swali hili mlibebe kila mwendako kununua: mmea huu ni mdogo kwa asili, au ni mdogo kwa umri? Chungu kidogo hakijibu swali hilo. Jina ndilo linalojibu, jina kamili. Lebo iliyoandikwa "Dendrobium" peke yake haikuambii lolote, kwa sababu jamii hiyo ina spishi zaidi ya elfu moja, kuanzia zinazotoshea kwenye kisoda hadi zinazopita kimo cha mtu. Pasipo jina, nunua mmea ambao tayari una maua, uuone mwili wake wote ukiwa mzima.

Miche mitoto ina ushawishi wake, najua. Inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mmea mzima. Lakini Phalaenopsis iliyotoka kwenye chupa ya maabara inataka miaka miwili au mitatu hadi kuchanua, na Cattleya nyingi huchukua minne na kuzidi. Miche ya umri huo hufa kwa kukauka siku moja tu. Mwenye uzoefu na nafasi, aichukue kwa furaha. Anayeanza, mwenye pesa ya mmea mmoja, anunue mmoja uliofikia umri wa kuchanua.

Hapa niseme kidogo kwa nini okidi zimekuwa za watu wote, maana inasaidia kujua unalipia nini. Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina akiba ya chakula. Msituni huota tu ikikutana na kuvu anayeilisha. Ndiyo sababu zamani okidi zilibebwa kutoka misituni kwa meli, na aliyezimiliki alikuwa tajiri. Mwaka 1922 Lewis Knudson, mwanasayansi wa Marekani, alichapisha njia ya kuotesha mbegu hizo kwenye chupa yenye sukari na madini, bila kuvu. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel akaonyesha kuwa ncha ya chipukizi inaweza kukuzwa maabara ikatoa mimea mingi inayofanana na mama yake, ile ile kazi ya tishu wakulima wa migomba wanayoijua. Usione vyaelea, vimeundwa. Phalaenopsis nyingi unazoziona zimepangwa kwa mamia zimetokana na kazi hiyo, na ndiyo maana ni nafuu. Zile zisizokubali kirahisi kuzalishwa kwa tishu, kama Paphiopedilum, zile zenye ua la umbo la kiatu, kila moja inatoka kwenye mbegu na inachukua miaka yake. Bei yake kubwa ina haki.

Na ukikuta Paphiopedilum ya bei ya kutupa, mizizi imekatwa, majani yana kovu la jua na ukungu wa msituni, weka mkono mfukoni. Huenda imeng'olewa porini. Biashara ya kimataifa ya okidi zote inasimamiwa na CITES, mkataba wa mataifa unaolinda mimea na wanyama walio hatarini, na jamii hiyo ya kiatu iko kwenye orodha yake kali zaidi. Sheria ni jambo moja. Mimi naumia zaidi nikifikiria kilima kilichobaki bila ua lake ili mtu aokoe pesa kidogo kwa mmea ambao kwa kawaida hufa njiani.

Sasa nizitaje, kwa upendeleo wangu wala si kwa alfabeti.

Ya kwanza ni Phalaenopsis ndogo, na sioni haya kuisema hata kama ni ya kawaida. Tafuta zenye majani yaliyotanda sentimita 15 hadi 20. Nyingi zina damu ya Phalaenopsis equestris, mmea mdogo wa Ufilipino na Taiwan unaotoa maua mengi kwa bua moja. Maua hudumu miezi miwili, mitatu. Likiisha ua la mwisho, na bua bado ni la kijani, kata juu kidogo ya kifundo na mara nyingine litatoa tawi jipya. Na siri ya mwenye bajeti ndogo ni hii: maduka hushusha bei ya mimea iliyokwisha kudondosha maua, kwa sababu kwao haina sura ya kuuzika. Kwako mmea ni ule ule. Kama majani ni magumu na mizizi mizima, ununue ukiwa na furaha, usubiri mwaka. Jihadharini tu na ile ya buluu kali kama wino. Hiyo ni nyeupe iliyochomwa sindano ya rangi kwenye bua. Maua yatakayofuata yatakuwa meupe, na umelipia wino.

Kuna jambo moja kwa wanaoishi penye joto la mwaka mzima. Phalaenopsis nyingi hutaka majuma kadhaa ya ubaridi kidogo, chini ya nyuzi 26 hivi, ndipo zitoe bua. Chumba kisichoshuka hapo kitakupa majani mazuri bila maua. Hapo mtafute Phalaenopsis violacea au mahuluti yake: fupi, yenye harufu, na huchanua wakati wa joto.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Vanda falcata, ambayo lebo nyingi bado zinaiita Neofinetia, jina lake la kabla ya 2012. Kwao ni Japani, Korea na China. Wajapani huiita fuuran, okidi ya upepo, na enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, mashogun, yaani watawala wa kijeshi, na wapiganaji wao samurai waliitunza kwa heshima kubwa. Ina majani mafupi yaliyopangwa kama kipepeo cha mkononi, kwa kawaida hayazidi sentimita 15, na maua meupe yenye mkia mrefu uliopinda. Mchana unaweza kuyapita. Usiku yananukia hadi unasimama, kwa kuwa wageni yanaowangoja ni nondo. Inavumilia joto, inavumilia usiku wa baridi kiasi, na huzaa watoto chini ya shina hadi chungu kinajaa. Watu hulipa fedha nyingi kwa aina zenye majani ya michirizi ya manjano au meupe. Wewe nunua ile ya kijani tupu. Ina afya kuliko ndugu zake wa michirizi, inakua upesi, na harufu ni ile ile.

Ya tatu, kwa dirisha lile lisilo na kivuli: Ludisia discolor. Maua yake ni madogo meupe, lakini mtu haiweki kwa maua. Majani yake ni mahameli ya zambarau iliyoiva, na mishipa inang'aa kama waya wa shaba. Hukaa kwenye udongo mwepesi, haitaki jua kali. Shina lake likivunjika, lichomeke kwenye unyevu litoe mizizi. Ukinunua moja, baada ya miaka miwili unayo ya kumpa jirani, dada na mwalimu wa mtoto. Kwa mwenye pesa chache sijui mmea unaorudisha zaidi.

Oncidium Twinkle inatoa maua madogo kwa wingi na harufu tamu inayokaribia vanila. Mizizi yake ni membamba, isiachwe ikauke kabisa. Tolumnia ni kinyume chake: majani magumu yaliyopangwa kama kipepeo cha mkononi, kutoka visiwa vya Karibi, rangi za kila namna, lakini inataka mwanga mkali na kukauka ndani ya siku ileile iliyomwagiwa. Cattleya cernua, ya Brazili na nchi jirani, ni maua mekundu juu ya majani ya sentimita mbili au tatu, nzuri mno. Huwa inapandwa juu ya gome, na gome linataka kuloweshwa karibu kila siku na linadondosha maji ukutani. Fikiri kabla. Dendrobium kingianum ya Australia ni ngumu kufa na huzaa sana, ila pasipo na miezi ya ubaridi na ukavu itakupa watoto wengi bila ua hata moja. Na ile nyota ya Afrika, Aerangis luteo-alba var. rhodosticta, nyeupe yenye kitone chekundu katikati, inavunja moyo kwa uzuri, lakini haivumilii hewa kavu. Msianze nayo.

Mkishachagua jina, mchague mmea wenyewe. Ushike kwa upole chini ya majani, uutikise kidogo. Ukiyumba chunguni, hauna mizizi. Tazama mizizi kama chungu kinaonyesha: iliyo hai ni minene, ya fedha ikiwa kavu na ya kijani ikilowa, iliyooza ni ya kahawia na hubonyea. Geuza majani, uchungulie kwenye kwapa za majani, utafute vidung'ata, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba, na wadudu magamba waliojibandika kama vidoa. Moyo wa mmea, pale majani yanapokutana, usiwe na weusi wala ulaini. Usivutwe na wingi wa maua. Mmea unaokufa mara nyingi huchanua kwa nguvu. Ukijikuta tayari umeununua mmea wenye bua lililojaa na mizizi imeoza, kata pua uunge wajihi: ondoa bua lote, uuache urudishe nguvu kwenye mizizi.

Nao ugeni una adabu yake. Mmea mpya ukae peke yake wiki tatu au nne kabla ya kusogezwa karibu na wenzake. Kisu au mkasi upitishe motoni kabla ya kuhamia chungu kingine, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwa utomvu na havina dawa.

Kuhusu vyombo, hapa pesa nyingi hupotea bure. Sinia la kokoto na maji linaongeza unyevu kidogo mno. Kusogeza mimea pamoja kunasaidia karibu sawa na hilo. Mbolea yenye jina la okidi na picha ya ua haina muujiza. Mbolea ya kawaida iliyosawazishwa, ikitiwa robo ya kipimo, inatosha. Kikombe cha plastiki angavu ukikitoboa matundu mengi chini na ubavuni ni chungu bora kwa Phalaenopsis, na unaiona mizizi bila kuisumbua. Palipo pa kutoa pesa bila kubana ni kwenye kitu cha kupandia. Okidi hizi nyingi huota juu ya miti, si kimelea, zimejishika tu kwenye gome, na mizizi yake inataka hewa kama inavyotaka maji. Magome ya msonobari yaliyochanganywa na mkaa ni mazuri. Vipande vya makumbi ya nazi vinafaa pia, mradi uviloweke na kumwaga maji mara kadhaa hadi chumvi iishe. Vyote huoza, kila baada ya mwaka mmoja au miwili badilisha. Nimeona mimea mingi ikifa ndani ya magome yaliyogeuka matope kuliko iliyokufa kwa kiu.

Na msinunue yote kwa siku moja. Nunua mmoja, ukae nao. Kisha subiri mpaka dirisha lako halina ua, uende ununue kilichochanua wakati huo. Ukifanya hivyo mara nne au tano kwa mwaka mmoja na nusu, utakuwa umejipangia maua ya misimu tofauti bila kusoma kalenda yoyote. Mimea ikijaa, gawaneni. Yenye mashina yaliyovimba igaweni kwa vipande vyenye mashina yasiyopungua matatu. Shina moja peke yake huchukua miaka kujirudi.

Kwenye meza hii nimeweka vyungu vitatu vya ukubwa mmoja. Kimoja nilikimwagia leo asubuhi, kimoja juzi, cha tatu kinangoja maji tangu jana. Njooni mviinue mmoja mmoja, mfumbe macho, mniambie kipi ni kipi kwa uzito tu. Anzeni nyie wa mbele.